Watu wa Mto na Ugonjwa wa Sukari: Historia ya Sababu Iliyoitwa Damu

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya ugonjwa wa sukari miongoni mwa Akimel O'odham, wenyeji wa asili wa Arizona nchini Marekani, ambao wageni waliwaita Pima. Jina wanalojiita wenyewe lina maana ya "watu wa mto". Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugonjwa huu ulipohesabiwa kuwa jambo la damu, sababu zake za kihistoria zilifichika, na wajibu wa kuwatibu waliougua ukafichika pamoja nazo.

Mto wenyewe ni Gila. Kwa karne nyingi watu hawa walichimba mifereji, wakamwagilia maji mahindi, maharagwe na maboga; na baada ya Wahispania kufika, walilima ngano pia. Katikati ya karne ya 19 ngano hiyo iliwalisha wasafiri waliokuwa wakielekea California. Lakini walowezi walipofanya makazi upande wa juu wa mto, waliyageuza maji yaende katika mashamba yao, na kufikia mwisho wa karne hiyo mashamba mengi ya wenyeji yalikuwa yamekauka. Njaa ikaingia. Hatimaye watu waliokuwa wakiwauzia wengine chakula wakawa wanategemea posho ya serikali: unga mweupe, mafuta ya nguruwe na sukari.

Mwaka 1940 Elliott Joslin, tabibu mashuhuri wa Boston, alichapisha uchunguzi alioufanya Arizona. Hakuona kwamba wenyeji wa asili waliugua kuliko watu wengine. Mwaka 1965 watafiti wa serikali walianza uchunguzi mrefu katika jamii ya Gila, wakakuta kwamba karibu nusu ya watu wenye umri wa miaka 35 na zaidi walikuwa na ugonjwa huu. Ni kweli kwamba njia za kupima hazikuwa sawa katika nyakati hizo mbili. Hata hivyo, tofauti ni kubwa mno, na damu haibadiliki kwa muda wa kizazi kimoja.

Juu ya hayo, maelezo yaliyopendwa zaidi yalikuwa ya urithi. Mwaka 1962 James Neel alidokeza kwamba huenda binadamu walirithi jeni za uwekevu, zinazohifadhi mafuta mwilini wakati wa neema ili yafae wakati wa njaa. Dhana hii, iliyowahusu binadamu wote, baadaye ilibandikwa hasa juu ya Pima. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha na ndugu zao wa milima ya Sonora, Meksiko, waliokuwa bado wakilima kwa mikono. Huko Meksiko waliougua walikuwa takribani 7 katika kila watu wazima 100. Huko Arizona walikuwa 38. Urithi una sehemu yake, lakini hautoshi kueleza tofauti hiyo.

Tukio la mwisho linahusu matibabu. Mwaka 1923 wavumbuzi wa insulini waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa hiyo isihodhiwe na mtu. Lakini dawa kuwapo si sawa na kumfikia mgonjwa. Mwaka 1997 Bunge la Marekani lilianzisha mpango maalumu wa kupambana na ugonjwa wa sukari miongoni mwa wenyeji wa asili. Kati ya mwaka 1996 na 2013, kushindwa kwa figo kunakotokana na ugonjwa huo kulipungua kwa asilimia 54 katika jamii hizo nchini kote. Jeni zilikuwa zile zile. Huduma ndiyo iliyobadilika.

Mwaka 2004 sheria iliwarejeshea watu wa Gila haki ya sehemu ya maji yao. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Katika historia hii maradhi yalionekana na wote; kilichofichwa ni chanzo chake, nacho kilifichwa kwa neno moja, yaani damu.