Matibabu ya ugumba kwa wenye ovari zenye vifuko vingi

Ovari zenye vifuko vingi ni hali ya homoni ambayo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, huwapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao si tasa. Mayai wanayo, tena mengi, ila hayapevuki kwa mpangilio; vile vifuko vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vya mayai yaliyoacha kukua kabla ya wakati. Basi karibu matibabu yote hulenga kupevusha yai, ikiwezekana moja tu. Kabla ya kuyaanza, mume naye hupimwa mbegu, hatua ambayo familia nyingi huiruka.

Mwaka 1935 Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago waliripoti wanawake 7 waliokatwa kipande cha ovari: wote walirudi kupata hedhi, na 2 wakashika mimba. Upasuaji huo uliachwa baadaye, hasa kwa sababu ya makovu. Uliochukua nafasi yake, wa kutoboa ovari kwa kutumia laparoskopi, bado hufanywa vidonge vikishindwa.

Kwa miongo kadhaa kidonge kikuu kilikuwa klomifeni. Siku hizi kinachotangulia ni letrozoli, dawa ya saratani ya matiti. Anayeikuta saratani hiyo kwenye karatasi ya dawa asidhani amepewa kwa makosa. Humezwa kwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Hupunguza estrojeni, na ubongo ukihisi upungufu huo huongeza homoni ya kukuza mayai. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750, asilimia 27.5 ya waliotumia letrozoli walijifungua watoto hai, dhidi ya 19.1 ya waliotumia klomifeni. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unaiweka mbele.

Metformini, dawa ya kisukari, husaidia wengine kwa kuwa mwili wa mgonjwa mara nyingi hauitikii insulini ipasavyo. Peke yake ni dhaifu kuliko letrozoli. Kupunguza uzito kidogo huweza kurudisha hedhi kwa mwenye uzito uliozidi, lakini kumwambia kila mgonjwa "kapungue kwanza" si tiba, maana wembamba nao huugua.

Vidonge vikigoma, hufuata sindano za homoni, chini ya ultrasaundi ya mara kwa mara, kwani mayai mengi yakipevuka pamoja huleta mapacha au uvimbe hatari wa ovari unaojaza maji tumboni. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika utungishaji nje ya mwili, ambao ni hatua ya mwisho kwa asiye na tatizo jingine. Ili kuikwepa, madaktari wengi hugandisha viinitete vyote na kuvipandikiza mzunguko wa baadaye.

Mimba ikiingia, sukari hupimwa mapema, kisha tena kati ya wiki ya 24 na 28, kwa sababu kisukari cha ujauzito huwapata wanawake hawa zaidi ya wengine.