Mnavu Ulivyoingia Kwenye Pakiti

Mwaka 1956, Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilipoanzishwa mjini Kitale, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwazalishia walowezi mbegu za nyasi za malisho. Miaka michache baadaye yakaja mahindi chotara. Mbegu za mboga nazo zilikuwa na wafanyabiashara wake, na mboga zenyewe zilikuwa kabichi, karoti na vitunguu. Mnavu haukuwa na duka. Mgagani haukuwa na duka. Kwa mabwana shamba wengi wa enzi hizo mimea hiyo ilikuwa magugu, ya kung'olewa pamoja na ndago.

Mbegu za mimea hiyo zilikuwa jikoni kwa akina mama. Magharibi mwa Kenya, mwanamke aliacha miche kadhaa ya mgagani izeeke shambani, akachuma maganda yakiwa yamegeuka manjano lakini kabla hayajapasuka, akayaanika, akachanganya mbegu na majivu na kuziweka kwenye kibuyu au chungu karibu na moshi wa jiko. Moshi na majivu vilifukuza wadudu. Muda nao ulikuwa na kazi yake, kwa sababu mbegu mpya ya mgagani haioti vizuri. Inahitaji kukaa miezi kadhaa ndipo iamke. Watafiti walikuja kulithibitisha hilo maabara, lakini kalenda ya akina mama tayari ilikuwa imepangwa hivyo: mbegu ya msimu huu ni ya msimu ujao.

Katika kuchagua mche wa kuachwa uzae, walikuwa pia wakichagua mboga. Aliyependa majani mapana aliacha wenye majani mapana. Aliyetaka mboga ichumwe kwa muda mrefu aliacha ule uliochelewa kutoa maua. Ndiyo sababu mojawapo mnavu wa sehemu moja una majani makubwa na matunda ya zambarau yanayoiva hadi kuwa meusi, na wa sehemu nyingine una majani madogo na matunda ya rangi ya chungwa. Uchungu nao ulichaguliwa. Wajaluo na Wakisii, wanaojua kuulainisha kwa maziwa, hawakuona sababu ya kuufuta kabisa.

Mabadiliko yalianza kuonekana mwishoni mwa karne iliyopita. Benki ya taifa ya vinasaba vya mimea ilifunguliwa Muguga, nje ya Nairobi, mwaka 1988. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kilichoanzishwa Taiwan mwaka 1971, kilifungua tawi lake la Afrika mjini Arusha. Katika miaka hiyo ya 1990, Mary Abukutsa-Onyango, mhadhiri wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Maseno, alianza kuzitafiti mboga ambazo zilikuwa zimemlea: tangu utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai. Alikuta kwamba wakulima walizitaka mboga hizo, na walaji pia, ila mbegu nzuri hazikupatikana. Zilizouzwa sokoni kwa kipimo cha kijiko zilikuwa mchanganyiko, nyingine zimezeeka, nyingine hazioti. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia Tuzo ya Kisayansi ya Kwame Nkrumah, na ni vigumu kumtaja mtu aliyeistahili zaidi.

Huko Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kwenye shamba la Madiira la tawi lile la Afrika, watafiti walizipanda mbegu zilizokusanywa vijijini mstari kwa mstari, wakazilinganisha na kuchuja zilizo bora. Humo zilitoka aina kama ngogwe (nyanya chungu) ya Tengeru White na DB3, mchicha wa Madiira na mnavu wa Nduruma. Ukiacha DB3, majina hayo yanakumbuka shamba la utafiti na maeneo ya Arumeru. Hakuna hata moja linalomkumbuka mwanamke aliyeitunza mbegu hiyo kabla haijafika Tengeru, na hilo ni deni.

Kampuni za mbegu zilipoona soko, zilihitaji watu wa kuzizalisha kwa wingi, na wakulima wa miteremko ya Mlima Meru, Arusha, walikuwa na kila kilichohitajika: mifereji ya maji, kiangazi kinachoruhusu mbegu kukauka, na uzoefu. Eneo la Arusha lilikuwa limezoea kwa miongo mingi kulima maharage na maua ya mbegu kwa ajili ya kampuni za Ulaya. Mkataba wa kawaida hufanana popote: kampuni hutoa mbegu za msingi, hukagua shamba, kisha huchukua mavuno yote na kulipa kwa kilo baada ya kupima uotaji.

Kazi yenyewe haina mzaha. Ngogwe inayoliwa huchumwa ikiwa bado nyeupe au kijani. Ngogwe ya mbegu lazima iachwe hadi iwe nyekundu kabisa, kwa hiyo mkulima anaipa kisogo fedha ya soko la wiki hii akingoja ya kampuni. Matunda ya mnavu hukamuliwa, yakalowekwa kwenye maji mpaka nyama iachane na mbegu, zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Kabla ya hapo ndege huwa wameshachukua fungu lao. Mchicha ndio wenye usumbufu kuliko mboga zote hizo. Chavua yake hupeperushwa na upepo, na mchicha pori uko kila ukingo wa mfereji. Jirani mvivu wa kupalilia anaweza kuiharibu mbegu ya msimu mzima, na kwa kuwa kilo moja ina chembe zaidi ya milioni, kosa dogo husambaa mbali. Mkulima wa mbegu hukagua shamba mche kwa mche na kung'oa kila usiofanana na wenzake, hata ukiwa umenawiri. Ni ustadi uleule wa mama mwenye kibuyu, sasa ukiwa na mkaguzi na karatasi ya matokeo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mboga za kienyeji ziliingia supamaketi za Nairobi, Uchumi ikiwemo, na pakiti zikafuata. Simlaw, kampuni tanzu ya ile ya Kitale, ambayo jina lake latokana na Simpson na Whitelaw, wauza mbegu wa zama za walowezi, leo huuza mbegu za managu, saget na terere, yaani mnavu, mgagani na mchicha.

Sheria haikwenda kwa mwendo huo. Tanzania ilikubali daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima aliyesajiliwa huzalisha, hukaguliwa, kisha huuza katika eneo lake bila kupitia kampuni. Kenya ilifuata njia nyingine. Marekebisho ya sheria ya mbegu ya mwaka 2012 yaliweka adhabu ya hadi kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1 kwa anayeuza mbegu zisizothibitishwa, na mbegu za kienyeji zilizotoka kibuyuni zikaangukia humo. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani kuipinga. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kubadilishana na kuuziana mbegu za asili vinakiuka Katiba. Kwa mwanamke wa Vihiga au Kisii anayezalishia kampuni mbegu za mnavu kwenye nusu ekari na kutunza za ukoo wake pembeni, uamuzi huo unampa mahali pa kusimama wakati wa kupatana bei: akitoka mikono mitupu kwa kampuni, hizi za ukoo bado ana haki ya kumuuzia jirani.