Kiwanda cha Rochester na Uwanja wa Mbeya

Mtu akisimama Mpuguso siku isiyo na mawingu, na siku hizo katika Rungwe ni chache, huona jinsi nchi inavyoinamia Ziwa Nyasa. Hawezi kudhani kwamba usafiri wa anga wa milima hii uliwahi kuamuliwa kandokando ya mto Medway, katika Uingereza. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Horace, Eustace na Oswald Short, ndugu watatu, walianza kampuni yao mwaka wa 1908. Wawili wao walikuwa mafundi wa baluni. Mwaka wa 1909 walipewa kazi ya kuunda eropleni sita za mfano wa Wright, nacho kikawa kiwanda cha kwanza duniani kuunda eropleni nyingi za mfano mmoja. Baadaye huko Rochester wakashika hasa eropleni zinazotua majini. Baadhi yake zililetwa Mafia mwaka wa 1915 kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika Rufiji. Ziliipiga picha, ila joto la pwani lilizishinda, ikabidi ziletwe nyingine. Mwaka uliofuata Wabelgiji waliishambulia Kigoma kwa eropleni za kiwanda hicho hicho.

Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua njia ya barua hadi Cape Town, kwa eropleni za magurudumu: Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, kisha Mpika. Abiria wakafuata mwezi wa Aprili. Eropleni za siku zile hazikuweza kwenda mbali bila kutua kutia petroli, na kwa udhaifu wao huo Mbeya ikapata kuwa kituo katika njia kuu.

Haikudumu. Serikali ya Uingereza ilitaka barua za dola yake zichukuliwe kwa anga, na mwaka wa 1935 Short waliagizwa merikebu za angani 28 kabla hata moja haijaruka. Kwa hiyo mwaka wa 1937 njia ikahamia kwenye maji: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban. Uwanja wa Mbeya haukukosa lolote ila bahari. Wanaosimulia habari za anga kwa ushujaa wa marubani tu hulisahau jambo hili, kwamba mikataba ya posta ilichora ramani kuliko ushujaa.

Ziwa Nyasa nalo lilikuwa na maji tele. Mwaka wa 1949 merikebu za Short zilianza kutua huko, lakini Cape Maclear, ncha ya kusini, mbali nasi. Mwaka wa 1950 zikaachwa, kwa maana eropleni za magurudumu zilikuwa zimekwisha kuzipita.