Donnacona Alipoukataa Msalaba

Tarehe 24 Julai 1534, katika ghuba ya Gaspé, upande wa mashariki wa nchi ambayo leo ni Kanada, mabaharia Wafaransa walisimamisha msalaba wa mti wenye urefu wa futi 30. Wakautundikia ngao yenye nembo ya mfalme wao, na juu yake maandishi ya kumtakia maisha marefu. Kisha wakapiga magoti. Wenyeji waliokuwa wakitazama walikuwa zaidi ya watu 200, waliotoka kijiji cha Stadacona, mbali kule kwenye mto Saint-Laurent, kuja kuvua vibua.

Wengi wetu tulisimuliwa kwamba watu wa Amerika walipowaona Wazungu walipigwa na bumbuazi wakawadhania miungu. Hadithi hiyo nimeichoka. Wafaransa waliporudi melini, mzee Donnacona, kiongozi wa wenyeji hao, amejitanda ngozi kuukuu ya dubu mweusi, alipanda mtumbwi na nduguye na wanawe watatu akawafuata. Hakusogea karibu kama siku nyingine. Alisema maneno mengi, akaunyooshea msalaba kidole, akaupanga mfano wake kwa vidole viwili, kisha akaizungushia mkono nchi yote: hii ni yangu, nanyi hamkuniomba ruhusa. Mkalimani hakuwepo, wala hakuhitajika. Haya yamo katika maelezo ya safari ya nahodha wa Wafaransa hao, Jacques Cartier, yaani ni ushahidi wa upande wa mshtakiwa.

Cartier alijibu kwa hila. Mzee alionyeshwa shoka, kana kwamba wanataka kulibadilisha na ile ngozi ya dubu. Aliposogea, baharia mmoja akaukamata mtumbwi, wenzake wakaurukia, na wote waliokuwemo wakapandishwa melini. Wakalishwa, wakanyweshwa, wakachangamkiwa. Wakaelezwa kwa ishara kwamba msalaba ule ni alama tu ya kuwaongoza mabaharia bandarini. Mimi ni mtu wa Malindi, nimekua nikiiona nguzo ya Vasco da Gama juu ya jabali na msalaba wake wa jiwe la Lisbon. Hakuna anayebeba jiwe zito baharini kutoka Ureno ili kuwaonyesha watu bandari.

Wana wawili, Domagaya na Taignoagny, walivikwa mashati, makoti ya rangi, kofia nyekundu na mikufu ya shaba, wakapelekwa Ufaransa. Wala tusiseme Cartier ndiye Mzungu wa kwanza kufika pande zile. Mapema mwezi huohuo, Wami'kmaq, wenyeji wengine wa pande hizo, walikuwa wamemwendea na mitumbwi yao, wakipunga ngozi za wanyama kwenye vijiti. Hao walikuwa wafanyabiashara waliokwisha kuwazoea Wazungu, wanamwita mteja. Yeye, kwa hofu, akawafyatulia mizinga juu ya vichwa vyao.

Mwaka 1535 alirudi na meli tatu na watu 110, vijana wale wakimwonyesha njia ya mtoni hadi Stadacona, mahali ulipo mji wa Quebec leo. Barafu ikazifunga meli tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili. Kiseyeye kikaingia: fizi zikaoza, meno yakang'oka, miguu ikavimba. Wafaransa 25 wakafa. Cartier aliogopa wenyeji wasije wakajua udhaifu wake, akaamuru wagonjwa wagongegonge ndani ya meli kama mafundi wanaokalafati. Siku moja akamwona Domagaya, aliyekuwa hoi siku chache nyuma, akitembea mzima. Akamuuliza dawa, akisingizia kwamba anayeumwa ni mtumishi wake mmoja tu. Domagaya akawatuma wanawake wawili walete matawi ya mti waliouita annedda. Magome na majani yake yalichemshwa yakanywewa, na makapi yakabandikwa miguuni. Mti mzima, mkubwa, uliisha kwa muda wa wiki moja hivi, na wagonjwa wakapona.

Malipo ya dawa hiyo yalikuja tarehe 3 Mei 1536. Cartier alisimamisha msalaba mwingine, akamkamata Donnacona, wanawe wale wawili na wengine, akaondoka na watu 10. Huko Ufaransa mzee alimsimulia Mfalme Francis I habari za nchi ya Saguenay yenye dhahabu na vito. Wanahistoria humcheka mfalme kwa kuziamini. Mimi nadhani mzee alijua anachokifanya: mfalme akiitamani dhahabu, atatuma meli, na meli itahitaji mtu wa kuonyesha njia ya kurudi nyumbani.

Meli zilitumwa mwaka 1541, lakini Donnacona alikuwa ameshafariki. Cartier alimwambia Agona, aliyeshika nafasi yake, kwamba mzee amekufa, na kwamba wenziwe wameoa, wanaishi kama mabwana wakubwa na hawataki kurudi. Ukweli ni kwamba wote walikuwa wamekufa, isipokuwa msichana mmoja, na hata yeye hakurudishwa. Samuel de Champlain alipoanzisha Quebec mwaka 1608, kijiji cha Stadacona hakikuwepo tena.