KABURI LA FUMO LIYONGO, KIPINI

Wenyeji husema hapa amezikwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa karne nyingi zilizopita. Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Kwa Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, kijana Telemachus anakomaa kwa kumtafuta babake na kupigana ubavuni mwake. Katika utenzi wa Kijumwa, kinyume chake, mwana wa Liyongo alitaka ukubwa kwa njia ya mkato: kwa kuahidiwa binti wa mfalme wa Pate, alimdunga babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Liyongo alifia kisimani, amepiga goti, upinde mkononi.

Yupo atakayesema kijana alihadaiwa. Lakini aliidadisi siri ya kinachoweza kumuua babake, akaenda kuichukua sindano, akarudi akangoja usiku. Nafasi ya kughairi alikuwa nayo. Kaburi linatunzwa kwa heshima ya baba, na mwana hatajwi hata jina.