Kicheko Kinapokatika: Candide ya Voltaire

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliuangusha mji wa Lisbon, watu wakiwa makanisani. Mwaka 1759 Voltaire akatoa Candide bila kutia jina lake. Shujaa wake ni kijana mwenye moyo mweupe (jina lake lenyewe, kwa asili ya Kilatini, ni weupe), aliyefunzwa na Pangloss kwamba kila litokealo ni la heri. Basi azunguka dunia akichapwa viboko, asiliache somo. Mimi hucheka naye hadi Suriname. Hapo mtumwa aliyekatwa mkono na mguu amwambia kuwa hiyo ndiyo bei ya sukari ya Ulaya. Candide alia, akamkana mwalimu wake. Wengi husifu bustani ya mwishoni; mimi hurudia ukurasa huu.