Nguvu za kiume: historia ya neva ambayo tangazo la kwenye nguzo halikuambii

Ukipanda daladala mjini Mwanza kwenda Buhongwa, ukifika Mkuyuni chungulia dirishani. Hukosi kuona karatasi ya "dawa ya nguvu za kiume" kwenye nguzo, na namba ya simu chini yake. Karatasi hiyo haikuulizi tatizo lako limeanzia wapi. Wote dawa moja! Wanasayansi wenzetu walihangaika na swali hilo zaidi ya miaka 100, na jibu lake linaweza kukuokolea zaidi ya hela.

Tuanzie Ujerumani. Mwaka 1863, Conrad Eckhard wa Giessen alipitisha umeme kwenye neva za nyonga za mbwa, uume ukasimama. Kumbe kazi inaanzia kwenye neva! Kwa binadamu zinatoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Zikipeleka ujumbe, misuli laini ndani ya uume inalegea, damu inaingia na kujaa.

Pamoja na hayo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wengi waliendelea kusema tatizo ni mawazo tu. Mwaka 1983, Mwingereza Giles Brindley akaenda kwenye mkutano wa madaktari kule Las Vegas akiwa amejidunga dawa ya kulegeza misuli kwenye uume wake. Katikati ya mhadhara akashusha suruali, watu wakajionea. Ubishi ukaisha. Sindano ile ilifanya kazi bila kusubiri neva, kwa hiyo hata aliyeumia uti wa mgongo alipata tumaini. Mwaka mmoja kabla, Patrick Walsh wa Marekani alikuwa ameonyesha jinsi ya kuondoa tezi dume yenye saratani bila kukata neva hizo.

Ukabaki ujumbe wenyewe. Ni gesi: nitriki oksaidi. Mwaka 1998, Furchgott, Ignarro na Murad walipata Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba gesi hiyo hubeba ujumbe kwenye mishipa ya damu. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha Viagra, dawa iliyokuwa imejaribiwa kwanza kwa maumivu ya moyo.

Hapa shika vizuri: kidonge hakitengenezi ujumbe, kinauzuia tu usifutike mapema. Neva zikiwa zimeharibika sana, ujumbe unakuwa hafifu na kidonge kinaweza kugoma.

Na nini kinaziharibu? Ajali za uti wa mgongo, upasuaji wa nyonga, pombe kali ya miaka mingi, na zaidi sana kisukari. Utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 uliwaangalia wanaume 312 wenye kisukari. Zaidi ya nusu walikuwa na tatizo hili.

Sasa kaka yangu, ukinunua unga wa kificho Mkuyuni, huenda unazima king'ora wakati nyumba inaungua. Na kama unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, ukichanganya na Viagra presha inaweza kushuka hadi kuua.

Bugando ipo pale kilimani tangu 1971. Kupima sukari ni tone la damu kidoleni. Aibu ya kumwambia daktari inaisha ndani ya dakika mbili. Neva iliyokufa hairudi kirahisi.